Vichanga wa Duru ya Kwanza

Hendrina Januarie alisogeza kioo chini ya hadubini, akarekebisha mwanga, akaanza tena mstari wa juu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu asomaye. Mkononi alikuwa na kidude chenye vifungo viwili. Kila alipokutana na kichanga wa kome alibonyeza: kifungo cha kulia kwa mzima, cha kushoto kwa aliyeharibika. Kichanga mzima wa siku mbili ana umbo la herufi D, mgongo umenyooka, tumbo limetuna. Aliyeharibika hana umbo la kutajika. Huwa kama kitone cha kitu kilichomwagika.

Kidole gumba cha kulia kilikuwa kikifanya kazi. Cha kushoto kilikuwa kimelala tangu asubuhi.

Hakujua bakuli lipi lilikuwa na maji gani. Hiyo ndiyo kanuni ya kituo. Daktari Sidinile, mkuu wao, aliyabandika mabakuli namba za ovyo na orodha ya namba hizo akakaa nayo mwenyewe, ili jicho la msomaji lisiwe na upendeleo. Mengine yalikuwa na maji ya bahari yasiyoguswa, ya kulinganishia. Mengine yalikuwa na maji ya farumi, yale ambayo meli tupu huyabeba tumboni ili isiyumbe. Maji hayo yalikuwa yamepitishwa kwenye mtambo mpya kutoka ng'ambo, yakatiwa klorini ya kuua kila kiumbe kilichomo, kisha yakatiwa dawa ya kuizimua klorini hiyo kabla ya kumwagwa. Kituo kilitakiwa kujibu maswali mawili. Je, mtambo unaua vinavyopaswa kufa ndani ya meli? Na maji yake yakimwagwa hapa kwenye ghuba ya Saldanha, hayataua visivyopaswa kufa?

"Umefika wapi?" Daktari Sidinile aliingia na kikombe cha chai, akasimama mbali na meza kama kawaida yake.

"Hili la mwisho, Dokta."

"Enhe?"

"Wote wazima." Hendrina aliinua uso. "Mabakuli yote. Sioni tofauti yoyote."

Daktari aliweka kikombe dirishani, akafungua orodha yake, akapitisha kidole taratibu. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, ambaye akishangaa hushusha sauti badala ya kuipandisha.

"Nusu ya mabakuli haya ni ya maji ya mtambo," alisema.

"Hapana."

"Ndiyo. Duru ya kwanza maji hayahaya yaliharibu karibu vichanga wote. Leo hawajambo." Alikaa kwenye kiti cha pembeni. "Unaona kwa nini tunafanya duru tatu? Ile ya kwanza nilishaanza kuiandikia maneno kichwani. Nilishamhurumia hata mwenye mtambo. Kumbe duru moja si jibu, Hendrina. Ni uvumi tu."

Hendrina aliweka kidude cha vifungo mezani, akakisukuma kidogo, akakivuta. Uvumi huo yeye alikuwa ameubeba mpaka nyumbani. Na mumewe, Isak, alikuwa ameuza chelezo chao cha kufugia kome kwa sababu yake. Saini zilitiwa wiki iliyopita.

"Kuna kitu tulikifanya mara ile ambacho safari hii hatukukifanya," Daktari aliendelea. "Joto lilikuwa sawa. Kome wazazi walitoka palepale, kwenye chelezo cha mumeo. Dawa ya kuzimua niliipima mwenyewe. Mapipa? Duru ya kwanza maji ya mtambo tuliyachotea yale mapipa mapya."

"Yalivuja. Tukayarudisha dukani."

"Na safari hii tumechotea ya zamani." Daktari alitikisa kichwa. "Lakini pipa jipya lina nini? Plastiki ni ileile. Hebu nawe fikiria."

"Nitafikiria, Dokta."

Hakuwa na haja ya kufikiria. Mapipa yale yaliletwa na lori lisilo na turubai, likapita kando ya gati la madini ya chuma siku ya upepo, yakafika mekundu kwa vumbi kama yamepakwa rangi. Vumbi hilo kila mwanamke wa Diazville, mtaa wao, analijua. Maji matupu hayaliondoi, yanalisogeza tu. Linakula mashuka, linaingia kwenye sukari, linakaa kwenye pembe za macho ya watoto. Hendrina alikuwa amechukua mche wa sabuni ya kijani na siki kidogo, akasugua mapipa ndani na nje kwa brashi mpaka yakang'aa, akayasuuza mpaka alipoona inatosha. Ukutani, juu ya sinki, palikuwa na kibao: hakuna sabuni kwenye chombo chochote kitakachogusa vichanga. Kibao hicho alikiheshimu miaka yote kwa mabakuli na mirija. Pipa hakulihesabu kuwa chombo. Pipa lilikuwa kitu cha uani, kimekuja kichafu, na yeye hajalelewa kumpa mtu kitu kichafu.

Povu alikuwa amelimaliza. Alichokuwa hajakimaliza hakikuonekana kwa macho.

*

Nyuma ya nyumba Isak alikuwa ameinama juu ya makaa, anampaka samaki wa snoek jamu ya aprikoti kwa brashi. Mama yake, ambaye wote walimwita Ouma Fytjie, yaani bibi, alikuwa akianua nguo na kuzikung'uta moja moja kabla ya kuzikunja, kila shuka likitoa kiwingu chekundu.

"Mke wa tajiri huyoo!" Isak alipaza sauti. "Ouma, msogezee kiti mke wa tajiri."

"Tajiri gani samaki mmoja watu watatu," Ouma Fytjie alisema. "Mwambie ajisogezee. Mimi nina miguu ya kiwandani."

"Ouma, miguu ya kiwandani ni ipi tena?"

"Ni hii. Ya kusimama kwenye maji ya samaki tangu sijakuzaa. Wewe unadhani chelezo kilinunuliwa kwa nini, kwa sura yako?"

Isak alicheka. Tangu auze alikuwa akicheka kwa urahisi, kama mtu aliyeponea ajali. Alimgeukia mkewe. "Benki wameshachukua chao. Leo wamenitumia ujumbe, nimekuwa mtu huru. Kilichobaki nimekitoa malipo ya kwanza ya ile pikapu inayouzwa kule Velddrif. Nitabeba matofali. Matofali hayafi."

"Isak, njoo mara moja."

"Samaki ataungua."

"Ouma atamwangalia."

"Ouma hamwangalii mtu," alisema mama yake, lakini akasogea.

Walisimama pembeni, karibu na bomba. Hendrina alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yalimtoroka.

"Duru ya pili imetoka," alisema.

"Wamekufa tena?"

"Hapana."

"Nusu nusu?"

"Hakuna aliyeharibika. Maji ya mtambo hayana neno."

Isak alimtazama. Bado alikuwa ameshika brashi, na jamu ilikuwa ikidondoka kwenye kiatu chake.

"Hebu rudia."

"Lilikuwa kosa letu. Kosa langu. Mapipa niliyaosha kwa sabuni, na sabuni ndiyo iliyowaharibu, si mtambo. Sijamwambia Dokta bado, lakini najua. Nina hakika."

"Hata wiki ile ulikuwa na hakika."

"Nilikuwa nimeona, Isak."

"Ulisema wamekuwa kama makamasi. Neno lako hilo. Nilikuwa nakula, nikaacha." Hakuwa ameinua sauti. "Nikakuuliza, maji hayo meli zote zikianza kuyamwaga pale kwenye gati, mkondo unakuja wapi? Ukasema unajua unakuja wapi. Nikakuuliza niuze au nisiuze."

"Nikasema uuze."

"Ulinishika mkono, Hendrina. Ukasema uza kabla wenzako hawajajua. Mpaka nikaona haya kwa ajili ya wenzangu. Nikauza."

Ilikuwa kweli, na kibaya zaidi ni kwamba usiku ule Hendrina alilala vizuri. Alikuwa amevunja ahadi ya kituo, ahadi aliyoitia saini siku ya kwanza kazini, akaona amefanya jambo la mke kwa mumewe. Aliona wengine watabaki na hasara, wao wawili watakuwa wametoka salama. Wazo hilo sasa lilimchoma kuliko lile la sabuni.

"Nani alisema uza?" Ouma Fytjie alikuwa amesimama nyuma yao na koleo la samaki mkononi.

Wote wawili waligeuka.

"Mimi niliambiwa mgongo unauma. Isak, si uliniambia mgongo? Nikasema kama ni mgongo, basi, mtu hawezi kubishana na mgongo. Mgongo wako hauna neno?"

"Hauna neno, Ouma."

"Haya, semeni."

Walimweleza. Hendrina alieleza zaidi, kwa maneno mafupi, macho yakiwa kwenye bomba. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Hao kome wenyewe waliletwa na meli," alisema hatimaye. "Nilipokuwa msichana hawakuwapo. Walikuwapo wengine, weusi, wembamba. Hawa walikuja kwenye maji hayohayo ya tumboni mwa meli, wakatupa kula. Mngeniuliza mimi ningewaambia msubiri." Kisha akasita. "Sabuni gani?"

"Sabuni tu, Ouma."

"Sabuni gani?"

"Ya kijani. Na siki."

Ouma Fytjie aliangalia mashuka yaliyokunjwa kwenye kapu. Yeye ndiye aliyemwonyesha Hendrina, mwaka alioolewa, namna ya kuliondoa vumbi lile: sabuni ya kijani kwanza, siki baadaye, na usiliache nusu.

"Basi chelezo changu nimekiosha mwenyewe kikaenda na maji," alisema. Aligeuka akarudi kwenye makaa.

Samaki alikuwa ameungua upande mmoja. Walimla hivyohivyo.

*

Ofisi ya Bwana Lochner, aliyenunua chelezo, ilikuwa juu ya ghala la kupakulia kome, ngazi za chuma nje. Isak alimwambia mkewe abaki kwenye gari.

"Twende wote. Mimi ndiye niliye—"

"Ukiingia wewe atajua. Kaa."

Mlangoni msichana wa mapokezi alimwomba avue viatu vya mpira kwa sababu zulia lilikuwa jipya. Isak alivua. Soksi moja ilikuwa na tundu kidoleni, akaweka mguu huo nyuma ya mwingine. Alikaa benchini na madereva wawili waliokuwa wakisubiri kutiwa sahihi karatasi zao. Wote walimjua. Wiki iliyopita alipokuja kuuza aliingizwa ofisini moja kwa moja na kupewa kahawa.

Bwana Lochner alitoka mwenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, mwekundu wa shingo, asiye mbaya. Alimiliki vyelezo vingi kuliko mtu yeyote wa upande ule, na alianza, kama alivyopenda kukumbusha, na kimoja.

"Isak! Umesahau kitu?"

"Nilitaka tuzungumze, Bwana Lochner. Juu ya chelezo."

"Kina tatizo? Ulisema hakina tatizo."

"Hakina. Ni kwamba..." Aliwatazama madereva. Bwana Lochner hakuonyesha dalili ya kumkaribisha ndani. "Nataka kukinunua tena. Bei ileile. Unipe muda tu, nitakulipa kidogo kidogo."

Dereva mmoja alikohoa. Bwana Lochner aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza injini.

"Nimeshafunga kamba mpya pale. Kome wadogo wa mbegu nimeshawaning'iniza. Wiki iliyopita, Isak, ulikuwa na haraka mpaka nikaingiwa na hofu. Nikamwambia mke wangu, huyu anakimbia kitu. Nikakaa usiku mzima nikijiuliza ni nini. Mkeo si yuko kwenye kile kituo cha maji ya meli?"

"Yuko huko."

"Alikuambia jambo?"

Kule chini, kupitia dirishani, Isak aliona paa la gari lao na mkono wa Hendrina umetoka nje, umelala juu ya mlango. Jibu la kweli lilikuwa moja na lingetosha. Huenda hata Bwana Lochner angemwelewa zaidi. Ila kituo nacho kingejua kabla ya saa ya chakula.

"Mke wangu haleti mambo ya kazini nyumbani," alisema. "Ni mimi. Ni mgongo. Uliniuma siku zile nikadhani nimezeeka."

"Na sasa umekuwa kijana."

"Sasa nimepumzika."

"Mnamwona?" Bwana Lochner aliwageukia madereva. "Wiki moja tu! Hebu nami niuze kila kitu nikapumzike." Wakacheka, na Isak akacheka nao, kwa sababu mtu aliyesimama na soksi tu hana njia nyingine.

Kicheko kilipoisha Bwana Lochner alimshika bega. Alikuwa na nia njema.

"Sirudishi, Isak. Biashara haiendi hivyo, unajua. Ila chelezo kile hakuna anayekijua kama wewe. Vijana wangu wanakifunga nanga kama wanafunga mbwa. Jumatatu njoo, uwe msimamizi pale. Mshahara kama wasimamizi wengine. Ovaroli utapewa."

Isak aliangalia mkono ule begani mwake.

"Asante, Bwana Lochner," alisema.

Alipoingia kwenye gari viatu vilikuwa bado mkononi. Hendrina alisubiri, na aliposhindwa kusubiri akauliza.

"Amesemaje?"

"Nimepata kazi."

"Wapi?"

"Kwenye chelezo changu." Alitafuta ufunguo kwenye mfuko ambamo haukuwamo, kisha kwenye ule uliokuwamo. "Usilie hapa. Wanatuona."

*

Hendrina alimwambia Daktari Sidinile Jumatatu asubuhi, kabla hajavua koti. Alisema lote la mapipa kwa pumzi moja: lori, vumbi, sabuni, siki, brashi. Daktari alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa, akaandika. Kalamu yake haikuwa na haraka.

"Siku ya majibu ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya, Dokta. Kibao kiko pale."

"Kibao kiko pale, kweli." Daktari alikitazama, kama naye anakisoma mara ya kwanza. "Kimeandikwa chombo. Mimi ningesema pipa ni chombo. Lakini sikukuuliza wewe ungesemaje. Na mapipa yalipofika mekundu nilipita, nikayaona yanang'aa jioni, nikafurahi. Nalo nitaliandika."

"Nitafukuzwa?"

"Kwa sabuni? Hapana. Duru ya kwanza itafutwa, na sababu itaandikwa. Duru ya tatu inaanza leo, halafu tutaongeza nyingine ya kujaza pengo. Mwenye mtambo atapiga kelele za gharama. Wacha apige."

Hendrina alishusha pumzi. Lakini Daktari hakuwa amefunga kalamu.

"Nimesikia mumeo ameuza chelezo," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

"Nimesikia pia ni wiki ileile."

Mashine ya baridi iliunguruma, ikanyamaza. Hendrina alifungua mdomo, na Daktari akainua kiganja.

"Ngoja. Kuna swali ninalopaswa kukuuliza sasa, na nikikuuliza nitalazimika kuliandika jibu, na likishaandikwa si mimi tena nitakayeamua. Kwa hiyo silijui hilo swali." Alitazama dirishani kwa muda. "Ila hadubini hutaikalia tena mpaka kazi hii iishe. Nimeomba kijana wa Cape Town aje kusoma. Wewe utaandaa maji na kome. Naomba usinishukuru, maana sina hakika kama ninafanya vizuri."

Hendrina hakumshukuru. Alienda kwenye ndoano, akavaa aproni ya mpira ambayo hakuwa ameivaa tangu alipopandishwa kutoka kwenye usafi, akafunga kamba zake nyuma. Zilimfika kwa shida.

Kome wazazi walifika kabla ya saa sita. Zamani Isak aliwaleta kwa gari lao, akiwaimbia njiani, akiwakabidhi mlangoni kwa maneno ya kipuuzi juu ya mabwana harusi na mabibi harusi. Leo alishuka kwenye lori la kampuni na kikapu kimefunikwa gunia bichi. Ovaroli ilikuwa ya buluu, fupi kidogo miguuni, na jina la Lochner mgongoni kwa herufi za njano. Alibisha mlango uliokuwa wazi.

"Kome wa kituo," alisema. "Nitie saini wapi?"

"Ingia, Isak."

"Nina viatu vya matope."

"Ingia tu."

Aliingia. Yeye aliwapanga kome juu ya meza, Hendrina aliwasugua magamba kwa maji ya bahari matupu, akamweka kila mmoja kwenye kibakuli chake, kisha akaanza kuwapashia maji moto, taratibu, kidogo kidogo, kama inavyotakiwa ili wadhani majira ya joto yamefika na waachie mbegu. Dume hutoa kitu kama maziwa. Jike hutoa kitu cha rangi ya chungwa. Bila hivyo hakuna vichanga, na bila vichanga hakuna duru.

Walisubiri. Aliwarudisha kwenye maji baridi, akawapasha tena. Kome walibaki wamefumba.

"Mbegu imeshika vizuri kule," Isak alisema, akiangalia vibakuli. "Kwenye zile kamba zake. Imeshika kuliko mwaka jana."

"Nashukuru kusikia."

"Leo asubuhi nimewaambia vijana walegeze nanga ya upande wa kusini. Mmoja akaniuliza, kwani Bwana Lochner amesema? Nikamwambia subiri nimuulize." Alijikuna shingo. "Nimempigia simu. Amesema legezeni."

Hendrina aliona mkono wake mwenyewe unataka kumshika kiwiko. Ulikuwa umelowa. Aliufuta kwenye aproni, na alipomaliza kuufuta nafasi ilikuwa imepita, kwa sababu Isak alikuwa ameinama kumchungulia kome wa pembeni.

"Majibu ya hii lini?"

"Sisomi mimi safari hii. Kuna kijana anakuja."

"Kwa hiyo hata ukitaka kuniambia hutaweza."

"Sitaweza."

"Basi ni vizuri," alisema. Halafu akaonekana kujutia jinsi lilivyotoka. "Sina maana hiyo, Hendrina. Hata ungejua sasa, ningelifanyia nini?"

Lori lilipiga honi nje. Isak alitazama mlango, akatazama kome.

"Inabidi nirudi na kikapu. Wanakihesabu."

"Kichukue. Hawa nimeshawatoa."

"Hawatafungua leo hao. Wametikiswa sana. Dereva anaendesha kama ana ugomvi na barabara."

"Nitajaribu mara moja zaidi."

"Jaribu." Alikunja gunia akaliweka kikapuni. Mlangoni alisimama kidogo na mgongo wake wa njano, kama mtu anayekumbuka kitu, lakini alikuwa akisoma tu kibao cha juu ya sinki, polepole, kila neno. Kisha akatoka.

Hendrina alijaribu mara moja zaidi. Aliongeza joto, akangoja, akapunguza. Kome mmoja alitoa kipovu, akafumba. Daktari Sidinile alikuja akasimama mbali na meza kama kawaida yake, akaangalia vibakuli, akaangalia saa.

"Hamna kitu?"

"Hamna kitu, Dokta."

"Waache wapumzike. Tutaanza upya kesho."

Hendrina alizima kipasha maji. Alivifunika vibakuli kimoja kimoja kwa vioo, akiviacha na nafasi ya hewa, akapunguza taa ya juu. Kisha akavuta kiti akakaa karibu nao bado na aproni yake, ili kuhakikisha maji yanapoa polepole.